Mkono wa Leocadia

Mayagüez, 9 Februari 1902

Dada yangu Leocadia,

Zikufikie salamu zangu wewe na Mama, na mkiwa wazima nitafurahi kuliko ninavyoweza kuandika. Mimi sijambo, ila vidole vimetobolewa na sindano mpaka navionea huruma. Mguu wa Mama unaendeleaje? Mwambie nimepata mteja wa leso anayelipa bila kufuatwa. Hataamini.

Nina habari. Ile nyumba ya Alhamisi niliyokueleza, kile kituo cha Don Evaristo cha kuita roho za wafu, sasa siendi tena kama mtazamaji. Nakaa mezani. Wiki tatu zilizopita nilishika penseli kama wenzangu, tukaomba, na kabla sijajiuliza nafanya nini penseli ikaanza kukimbia yenyewe. Mwandiko si wangu, maneno si yangu. Bibi mmoja alipoisoma karatasi alipiga kelele kwamba ni marehemu mumewe, hata matusi ni yake. Don Evaristo aliuliza kama mimi ni ndugu wa yule Leocadia wa Ponce. Nilipokubali akasema, "Kumbe ni la ukoo," kama mtu anayezungumzia makengeza.

Sasa ombi langu. Mwaka umetimia tangu Nicasio wangu apande meli kutoka kisiwani kwetu kwenda kukata miwa Hawaii. Aliahidi kwamba akifika tu atatafuta mtu wa kumwandikia barua, maana yeye na kalamu hawajawahi kupatana. Mpaka leo hakuna hata mstari. Hapa gatini wanasema wengi walikufa njiani, kwenye treni ya kuvuka Amerika, kwa baridi na homa. Kila mtu anajua mtu aliyesikia, na hakuna aliyeona.

Mimi siwezi kumuuliza. Unaijua sheria ya meza kuliko mimi: anayeandika haulizii wa kwake, kwa sababu moyo huichafua penseli. Lakini wewe ni shemeji yake tu, na tena ulikuwa humpendi, kwa hiyo penseli yako itakuwa safi kabisa. Niulizie, dada. Likiwa baya lilete hivyo hivyo. Nimechoka kupika chakula cha watu wawili kila Jumapili.

Mdogo wako,
Eduvigis


Ponce, 2 Machi 1902

Vigi mdogo wangu,

Barua yako imenikuta mzima, na Mama naye anakusalimu. Mguu umepungua uvimbe, na nguvu alizopata anazitumia kugombana na jogoo wa jirani.

Kama umesimama, kaa.

Alhamisi mbili nilimwita na hakuna aliyekuja. Ya tatu mkono ulikwenda kwa kishindo hata karatasi ikachanika. Nakutumia karatasi yenyewe uione. Inasema: "Mwambieni mke wangu asinisubiri gatini. Nilikufa katika behewa, jangwani, kabla ya kuiona bahari ya pili. Ilikuwa baridi lakini sikuteseka. Walinishusha kando ya njia wakanizika pamoja na wengine wawili."

Sikuongeza wala kupunguza. Unanijua mimi si mtu wa kubembeleza maneno.

Lia siku moja, kisha basi. Usivae nyeusi. Sisi tunajua kwamba aliyekwenda hakwenda mbali, na nguo nyeusi ni kumtukana. Nitamwita tena kila mwezi ukitaka. Hukupoteza mume, Vigi, amebadilisha nyumba tu.

Dada yako,
Leocadia


Mayagüez, 20 Aprili 1902

Dada mpendwa,

Salamu nyingi na shukrani zisizopimika. Afya ipo, usingizi ndio haupo.

Nimekutii, sikuvaa nyeusi. Nilitoka na gauni langu la maua kwenda kisimani na Bi Monserrate akasema kwa sauti ya kusikika mpaka sokoni, "Mjane ana haraka huyu! Hata rangi hajabadilisha." Nikamjibu kwamba mume wangu anapenda maua. "Anapenda?" akauliza. "Anapenda," nikasema, nikachota maji yangu nikaondoka. Nyumbani ndiko nilikolia.

Naam, mwite kila mwezi. Muulize kama anakumbuka nyumba yetu ya kule juu kwenye kahawa, kabla kimbunga hakijaichukua. Usingekuwa wewe, dada, ningekuwa bado nasimama gatini kama kichaa. Nitakalolifanya kwa ajili ya kazi hii ya roho maisha yangu yote, jua ni deni langu kwako.

Mdogo wako,
Eduvigis


Mayagüez, 11 Juni 1904

Dada Leocadia,

Uhali gani katika nyumba hiyo iliyobaki bila Mama? Mwaka mzima sasa, na bado nikipata jambo la kuchekesha nasema nitamwandikia. Mimi mzima wa afya, nimenenepa kidogo, watu wa Añasco wananilisha kupita kiasi.

Mwezi uliopita pekee nimehutubia mara sita. Cabo Rojo walinisimamisha juu ya kreti la samaki wa chumvi kwa sababu wanawake wa nyuma hawakuniona. Nawasomea karatasi za Nicasio, hasa ile ya behewa. Wanaume wazima wanafuta macho. Gazeti la vituo vyetu limeanza kuzichapisha kila toleo, na wanaoagiza wameongezeka mara mbili. Padri wa hapa alisema kanisani kwamba mimi ni mchumba wa shetani. Alhamisi nikasema mbele ya wote kwamba shetani hajaleta posa mpaka leo, na kama anakuja aje na wazazi wake. Don Evaristo alicheka mpaka akaomba maji.

Ila posa imekuja kweli, dada, na si ya shetani. Ni Baldomero, muuza dawa, yule mjane mwenye masharubu yaliyochoka. Alifunga duka lake saa nne asubuhi, akaja kwangu na kofia mkononi.

"Doña Eduvigis," akasema, "mimi si msemaji."

"Naona," nikamwambia.

"Nina nyumba yenye vyumba vitatu, na ninakohoa nikiwa mwenyewe."

"Si wewe mwenye dawa za kifua?"

"Hii haitibiki kwa dawa," akasema, na masikio yakamwiva.

Nilicheka, akacheka, akaenda zake. Jioni sikucheka. Nina miaka thelathini na moja na nataka mtoto, nakuambia wewe peke yako. Nataka mtu wa kugombana naye mezani juu ya chumvi. Lakini Nicasio huzungumza nami kila mwezi kwa mkono wako, nitawezaje kumpa mtu jibu bila kumuuliza? Muulize. Akisema ndiyo, naolewa Septemba.

Mdogo wako,
Eduvigis


Ponce, 28 Juni 1904

Vigi,

Salamu. Mimi ni mzima, kichwa tu kinanisumbua.

Nilikaa mezani juzi. Nicasio anasema: "Bado. Niko karibu nawe kuliko nilipokuwa hai. Ukiingia nyumba ya mtu mwingine mlango huu utafungwa, nami sitaweza kuusukuma."

Mimi sina neno, mimi ni mkono. Amua mwenyewe.

Agosti usiache kuja. Watu mia mbili wameomba viti kukusikiliza, na wanataka karatasi ya behewa.

Dada yako,
Leocadia


Mayagüez, 17 Februari 1907

Leocadia,

Leo sikuulizi hali.

Alhamisi iliyopita tulipokuwa tunaanza maombi aliingia mtu aliyechomwa na jua, koti lake jipya, akakaa nyuma. Don Evaristo akauliza kama kuna mgeni mwenye mtu wa kumwita. Yule akasimama. "Mimi simwiti mfu," akasema. "Natafuta mtu hai. Eduvigis wa Nicasio ni yupi?"

"Ni mimi."

"Basi wewe mwanamke una roho ngumu. Barua tatu mtu anakuandikia, hata salamu humrudishii?"

Nikamjibu kwa upole, vile tunavyowajibu wageni. "Nicasio alifariki, bwana, mwaka wa kwanza. Tumezungumza naye wiki mbili zilizopita."

Akaniangalia, akaiangalia meza, akaangua kicheko. "Wiki mbili? Mimi nimemwacha Hawaii miezi mitatu iliyopita anakula wali na mbaazi, sahani mbili, na kisu changu alichoazima hajanirudishia."

Don Evaristo akasimama akatuonya kwamba roho za uongo huweza kuvaa umbo lolote. Yule mtu akamwendea mpaka kwenye kiti na kumnyooshea mkono. "Haya, nishike! Nibonyeze! Nimekula hapo sokoni ndizi za kuchemsha na samaki wa chumvi, nikitapika utaamini?" Watu wakacheka. Ukumbi wangu mwenyewe, Leocadia, ulicheka.

Anaitwa Toribio. Yeye ndiye aliyemwandikia Nicasio barua zake, kwa hiyo anazijua kwa moyo, na alinisomea zote kwenye ngazi ya nyuma. Ya kwanza iliondoka Aprili 1902, kwa sababu mwaka wa kwanza Nicasio alilazwa na homa na hakuwa na mtu wa kumwandikia. Ya pili, mwisho wa 1903, ilikuwa na tiketi yangu ya meli. Ya tatu ilikuwa ya mwaka juzi. Zote Nicasio alizituma kwako Ponce, kwani tulipoagana sikuwa na nyumba. Alisema, "Dada yake anajua siku zote alipo."

Alinisubiri miaka minne. Kisha alimchukua mwanamke wa Kireno anayewafulia wakata miwa. Wana watoto mapacha.

Nilimkataa Baldomero kwa neno ulilonipa wewe. Ameoa, na mtoto wake wa kwanza nilimpakata mimi, nikampa leso niliyoidarizi. Nimesimama juu ya makreti na viti nchi nzima hii nikisoma kifo cha mtu anayekula mbaazi.

Niambie moja tu. Barua zilifika?

Eduvigis


Ponce, 3 Machi 1907

Mdogo wangu Vigi, mtoto wa mama yangu,

Nakusalimu kwa moyo uliokunjamana. Sili. Jirani ananiletea supu na ninawamwagia kuku.

Zilifika.

Usiitupe karatasi hii, soma mpaka mwisho, kisha nihukumu. Mungu ni shahidi wangu kwamba mara ya kwanza sikudanganya. Februari ile nilikaa mezani kwa ajili yako na mkono ulikwenda wenyewe. Niliamini kila neno. Barua ya kwanza ilikuja miezi mitatu baadaye, mwandiko wa mtu nisiyemjua, maneno kama ya kila mtu: niko mzima, kazi ngumu, msalimie mke wangu. Nikajiambia ni mawakala wa miwa, wanataka kututuliza ili wachukue wengine. Kati ya karatasi ya mtu baki na mkono wangu, wewe ungeamini kipi? Wewe unayekaa mezani, nijibu hilo kwa haki. Nikaitia motoni.

Ya pili ilikuwa na tiketi. Ilikuwa pia na lile jina alilokuwa akikuita kule kwenye kahawa, ambalo nililisikia mara moja nikajifanya sikulisikia. Hapo nilijua. Nilikaa nayo siku nzima. Mama alikuwa amekufa miezi michache tu, nyumba ilikuwa kimya, na wewe ungepanda meli usirudi. Hilo ni moja, sikatai, nilikuogopea na nilijiogopea.

Lakini jingine ni kubwa zaidi. Kama Nicasio yu hai, nani alikuwa akiandika kwa mkono wangu? Nimewaandikia kinamama mia, labda zaidi. Nimewapa watoto wao waliozama katika kimbunga cha tisini na tisa, mmoja mmoja, kwa majina. Wanalala usiku kwa sababu yangu. Kama ningekuambia Nicasio hajafa, ningewaambia nini wao? Nikasema bora mmoja aumie. Na yule mmoja ulikuwa wewe, kwa sababu wewe ungenisamehe.

Baada ya hapo, ndiyo, niliandika mwenyewe. Si kila mara. Kuna siku mkono ulikwenda, Vigi, naapa, ulikwenda na sauti ilikuwa yake, na mimi nikijua kwamba yu hai kule. Sielewi. Lakini lile la Baldomero ni langu. Hilo hakuniambia mtu.

Aprili tarehe kumi na nne wajumbe wa vituo vyote watakuwa hapo Mayagüez, na wewe ndiye msemaji. Nakuomba kwa magoti. Nikaripie unavyotaka kwa siri, nitukane, nipige, lakini usiseme pale. Padri atapiga kengele kwa furaha. Na wale kinamama wako, je? Yule Bi Ulpiana wako uliyeniandikia habari zake, ambaye mto ulimchukulia wana watatu kwa mpigo, utamfanyaje?

Dada yako anayekupenda,
Leocadia


Ponce, 24 Machi 1907

Vigi,

Hujanijibu. Salamu zangu ni zilezile.

Jana nilikaa mezani peke yangu, bila kumwita mtu. Alikuja Mama. Sikuongeza neno. Anasema: "Vigi, punguza mdomo, wewe tangu mdogo unasema kwanza unafikiri kesho. Dada yako alikosa kwa kukupenda. Mlinyonya ziwa moja. Mkigombana ninyi wawili, mimi huku nakaa na nani? Msamehe, na ule vizuri, umekonda."

Fanya kama Mama anavyosema.

Dada yako,
Leocadia


Mayagüez, 16 Aprili 1907

Leocadia,

Karatasi ya Mama niliipokea. Niliisoma nimesimama mlangoni, na nilipofika kwenye "punguza mdomo" nilikaa pale pale kizingitini. Ni Mama kabisa. Nililia, nikaibusu. Nilikusamehe kwa muda wa kama kumaliza kikombe cha kahawa.

Kisha nikakumbuka ni mkono wa nani. Nicasio naye alikuwa Nicasio kabisa, miaka mitano. Sasa sitajua kamwe kama Mama alisema nami, au kama wewe unakumbuka vizuri tu. Mume nilikuwa nimeshakosa. Mama nilikuwa bado naye, huko kwenye meza, nikimngoja siku moja aje bila kuitwa. Umemchukua naye. Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wakubwa, nami nilidhani wanasema chawa.

Jumapili nilizungumza. Sikutaja jina lako, nilisema "dada yangu", lakini dada ninaye mmoja na wajumbe wa Ponce walikuwa wanatazama viatu vyao. Niliwaambia Nicasio yu hai. Niliwaambia barua zilifika na karatasi nilizowasomea miaka yote zilikuwa za uongo, na kwamba nyingine hata aliyeziandika hajui zilitoka wapi. Nilitaka kuishia hapo. Mdomo, kama unavyosema wewe au Mama, haukunyamaza. Nikawaambia kwamba mkono wangu ni wa ukoo huohuo, na kwamba mimi pia sijui.

Mwenyekiti wa San Germán alipiga kelele kwamba nimenunuliwa na kanisa. Mtu mmoja akarusha kofia. Don Evaristo alikaa tu, mikono juu ya meza, amezeeka ghafla. Baldomero alikuwa nyuma karibu na mlango pamoja na mkewe. Sikumtazama mara mbili.

Halafu Bi Ulpiana akaja mbele. Unajua anatembea kwa shida, kwa hiyo ukumbi ulipata wakati wa kunyamaza. Alinishika kiwiko.

"Wanangu waliniambia kule walipo hawana baridi," akasema.

"Ndiyo, mama."

"Si wewe uliyeandika?"

"Mkono wangu ndio ulioandika. Sijui nani alisema."

Akafikiri. "Kwa hiyo sasa wana baridi au hawana?"

Aliningojea, Leocadia. Alisimama pale ameinua uso, mstaarabu kama siku zote, akingoja nimjibu, kwa sababu miaka minne kila alichouliza nilimjibu. Mwisho aliniachia kiwiko, akajifunga shali yake, na mwanamke mwingine akamshika mkono wakatoka. Wengine wakawafuata. Walitoka kimya na nilisikia viti vyote.

Uliniandikia kwamba hivi ndivyo itakavyokuwa, na ulisema kweli.

Alhamisi sitakaa mezani, wala Alhamisi ijayo. Nimerudi kwenye leso. Usiniandikie tena, si kwa jina lako wala kwa jina la aliyekufa.

Eduvigis